Fedha Iliyoonekana na Fedha Iliyofika

Jumamosi moja asubuhi mzee wa kigango cha mbali aliegemeza baiskeli yake penye ukuta wa ofisi ya parokia, akaingia. Nilidhani ataka cheti cha ubatizo, maana ndiyo shida ya watu wengi siku hiyo. La, hakutaka cheti. Alikuja kumshtaki binti yake.

“Karani,” akasema, “wewe umesoma chuo cha ualimu, mambo haya wayajua. Mtoto wangu ananificha fedha. Jumapili iliyopita alinionyesha katika simu dola mia moja, nimeziona kwa macho yangu mwenyewe. Jumatatu nikaenda dukani, nikachukua mabati kumi kwa mkopo, nikamwahidi mwenye duka kumlipa Ijumaa. Ijumaa ilikuwa jana. Kila nikimwuliza mtoto ajibu: bado, baba. Bado vipi, nami nimeziona?”

Binti mwenyewe alikuwa nje chini ya mwembe, na kompyuta yake ya mkononi imefungwa katika kitenge. Nikamwita. Akaingia, akatuamkia, akakaa kwenye ncha ya benchi.

“Sijaficha kitu, baba,” akasema. “Ile uliyoiona ni hesabu ya kazi niliyofanya. Fedha yenyewe itafunguliwa Jumatano. Na haitakuwa mia.”

“Haitakuwa mia! Umesikia, Karani?”

Kusema kweli, siku ile sikuwa na jibu. Chuoni tulifundishwa kufundisha hesabu za faida na hasara, lakini hesabu za namna hii hazikuwamo. Nikamwomba mzee aniachie binti kwa muda wa saa mbili. Tukaketi mbele ya ile kompyuta, tukasoma sheria za malipo kifungu kwa kifungu, naye akinieleza pale nilipokwama. Haya ninayowaandikia ndiyo tuliyoyapata siku ile, pamoja na mengine niliyojifunza baadaye kwa ajili ya vijana wengine wa parokia. Nawaandikia hasa wazazi, kwa sababu vijana wenyewe mara nyingi wajua, ila hawajui jinsi ya kutueleza.

KAZI GANI HII?

Kwanza tuondoe shaka. Kazi ya kweli ya namna hii ipo. Mtu wa Kanada ana karatasi elfu moja zilizopigwa picha, ataka majina na tarakimu zilizomo zinakiliwe katika jedwali. Hapati mtu wa karibu kwa bei aitakayo, basi aweka tangazo katika soko la kazi la intaneti. Binti wa mzee wetu, aliyemaliza kidato cha sita na kukaa kwa shangazi yake mjini, aliomba kazi hiyo, akapewa kwa dola 5 kwa saa. Wengine hutafsiri, wengine huchora, wengine hutengeneza programu za kompyuta na kulipwa mara kumi ya hizo.

Masoko haya ni mengi. Mawili yanayotajwa sana ni Upwork na Fiverr. Upwork ni ya Marekani, nayo ilizaliwa kwa kuunganishwa kampuni mbili: Elance, iliyoanza mwaka 1999, na oDesk, iliyoanza mwaka 2003. Zikaungana, na mwaka 2015 zikachukua jina hili la Upwork. Habari ya hiyo oDesk yapendeza kuisikia. Walioianzisha ni marafiki wawili Wagiriki, Odysseas Tsatalos na Stratis Karamanlakis. Mmoja alikuwa Marekani, mwingine Ugiriki, nao walitaka kufanya kazi pamoja ijapokuwa bahari yawatenga. Shida ikawa imani: aliye mbali utajuaje kwamba amefanya kazi kweli? Naye aliye mbali atajuaje kwamba atalipwa? Wakaunda mtambo wa kujibu maswali hayo mawili. Tangu hapo masoko yote ya aina hii yanajibu maswali hayo hayo, na karibu kila jambo linalomchelewesha mzee wetu asipate fedha yake latoka hapo.

Fiverr ni ya Israeli, ya mwaka 2010. Jina lake latokana na tano, kwa kuwa hapo mwanzo kila kazi iliuzwa dola 5. Wenyewe walichukua dola 1, muuzaji akabaki na 4.

FEDHA HUWEKWA AMANA

Wazee wetu walijua kazi ya mshenga. Watu wa huku hawaendi moja kwa moja kwa watu wa kule. Yuko mtu wa kati aaminiwaye na pande zote mbili, na maneno hupita kwake. Soko la kazi ni mshenga wa fedha. Mwajiri hampi mfanyakazi, humpa mshenga. Na mshenga hamkabidhi mfanyakazi mpaka mambo fulani yametimia.

Katika Upwork namna za mapatano ni mbili. Namna ya kwanza ni ya bei moja kwa kazi nzima, au kwa kila fungu la kazi. Mwajiri huweka fedha amana kabla ya kazi kuanza. Hapo tayari mfanyakazi aweza kuiona katika ukurasa wake: dola 60 zimewekwa. Lakini si zake bado, wala si za mwajiri tena kwa kuzichukua apendavyo. Kazi ikiisha, mfanyakazi huituma kwa kubonyeza mahali palipowekwa kwa ajili hiyo, na mwajiri hupewa siku 14 za kuikagua. Akikubali mapema, vizuri. Akinyamaza siku zote 14, fedha yafunguliwa yenyewe. Baada ya hapo huongezwa siku 5 za usalama, ndipo yaweza kutolewa. Kwa hiyo mwajiri mkimya aweza kumfanya mtu angoje siku 19 baada ya kumaliza kazi, na hakuna aliyemwibia.

Hapa pana kosa lililomgharimu kijana mmoja tunayemfahamu. Yeye alimaliza kazi, akaipeleka kwa ujumbe wa kawaida, akangoja. Wiki tatu zikapita. Hakubonyeza mahali pa kutuma kazi na kudai malipo, na zile siku 14 hazianzi kuhesabiwa mpaka mtu abonyeze hapo. Alikuwa akingoja saa ambayo haikuwa imeanza kutembea. Mzazi mwenye kijana katika kazi hizi, muulize neno hilo moja: “Umeituma mahali penyewe?”

Tena mtu asianze kazi ya bei moja kabla hajaona kwamba amana imewekwa. Mwajiri akisema, “Wewe anza, nitaweka kesho,” na ajibiwe kwa adabu kwamba kazi nayo itaanza kesho.

Fiverr ni tofauti kidogo. Mnunuzi hulipa yote papo hapo anapoagiza. Kazi ikisha kukabidhiwa, naye akakaa kimya siku 3, yahesabiwa imekubaliwa. Kisha fedha hushikwa siku 14. Kwa wauzaji wa daraja la juu hushikwa siku 7. Mara nyingi wanaoanza hawako daraja la juu, basi nyumbani mhesabu kumi na nne.

KAZI YA SAA, NA ILE JUMATANO

Namna ya pili ya Upwork ni ya saa, nayo ndiyo iliyotuletea mzee ofisini. Binti alifanya kazi saa 20 katika wiki, kila saa dola 5. Basi ukurasa wake ukaandika 100. Mzee aliona tarakimu, naye hakukosea kusoma. Alikosea kudhani kwamba ile tarakimu ni fedha. Ilikuwa stakabadhi tu. Mkulima wa kahawa apelekaye magunia yake ghalani, akapimiwa, akaandikiwa kilo zake, haendi siku ile ile kununua ng’ombe kwa karatasi aliyopewa. Ajua kuna mnada, kuna makato ya chama, kuna siku ya malipo. Nilipomweleza mzee kwa mfano wa kahawa, uso wake ulianza kulegea, kwa sababu yeye ni mkulima wa miaka mingi na ghala alijua sana.

Hesabu ya siku ni hii. Wiki ya Upwork huanza Jumatatu na kuisha Jumapili usiku wa manane, kwa ile saa ya dunia ambayo kwetu Afrika Mashariki iko nyuma kwa saa tatu. Yaani kwetu ni saa tisa za usiku wa kuamkia Jumatatu. Jumatatu hiyo mfanyakazi ana nafasi ya kusahihisha hesabu yake hadi mchana. Kisha mwajiri hudaiwa, naye ana siku kadhaa za kukagua na kupinga saa asizozikubali. Halafu zinafuata siku za usalama. Fedha hufunguliwa siku ya kumi tangu wiki ilipokwisha, yaani Jumatano ya wiki ya pili. Kazi iliyofanywa Jumatatu ya kwanza, basi, yangojewa siku 16. Binti alikuwa amesema Jumatano, na Jumatano ilikuwa sawasawa.

Watu huuliza: siku hizo za usalama za nini, kama mwajiri amekwisha lipa? Sababu yenyewe ni kadi za benki. Mwajiri wa ng’ambo hulipa kwa kadi, na sheria za kadi zamruhusu mwenye kadi kwenda benki yake kulalamika na kudai arudishiwe. Pengine ni mwizi aliyetumia kadi ya mtu mwingine, na mwenyewe anagundua baada ya siku chache. Kama soko lingemkabidhi mfanyakazi saa ile ile, fedha ingekwisha toka kabla uchunguzi haujaanza. Mimi naona jambo hili ni la haki, ijapokuwa mzigo wa kungoja humwangukia maskini zaidi kuliko tajiri. Mtu mwenye akiba hazioni siku kumi. Mwenye deni dukani azihesabu moja moja.

Tena malipo ya saa yana ulinzi wake. Mfanyakazi huwasha programu ya kuhesabu muda, nayo hupiga picha ya kioo cha kompyuta mara sita kwa saa, na kuhesabu jinsi vitufe vinavyobonyezwa. Mwajiri huona picha hizo. Wengine huchukia kutazamwa hivyo, na siwalaumu. Mimi mwenyewe nisingependa Paroko apige picha meza yangu mara sita kwa saa. Walakini mwajiri akikataa kulipa, picha hizo ndizo shahidi. Saa zilizoandikwa kwa mkono bila programu kuwashwa hazina ulinzi huo. Na mtoto akiwa kazini na saa inatembea, si wakati wa kumtuma maji au kumpa kompyuta hiyo mdogo wake atazame mpira: picha itatokea, na saa ile yaweza kukataliwa.

MIA INAVYOPUNGUA

Sasa twende katika lile neno lililomkasirisha mzee kuliko yote, kwamba mia haitakuwa mia.

Kila mshenga ana chake. Fiverr hukata asilimia 20 ya kila anachopata muuzaji, hata bakshishi aliyopewa na mnunuzi kwa furaha. Upwork imebadili mara kwa mara. Tangu mwaka 2016 hadi 2023 ilikata asilimia 20 katika dola 500 za kwanza kutoka kwa kila mwajiri, kisha 10 hadi kufika dola 10,000, na 5 zaidi ya hapo. Mwaka 2023 ikaweka asilimia 10 kwa wote. Tangu Mei 2025, kwa mapatano mapya, makato huwa kati ya 0 na 15 kwa kadiri ya kazi, na mfanyakazi huonyeshwa kiwango chake kabla hajakubali. Binti wetu alikuwa na mapatano ya asilimia 10. Mia yake ikawa 90.

Lakini kabla ya hapo alikwisha tumia kidogo. Katika Upwork kuomba kazi si bure daima. Ziko kama tiketi, huitwa Connects, na kila moja huuzwa senti 15 za dola. Soko humpa mtu chache bila malipo, lakini ombi moja laweza kula nyingi, na maombi mengi hayajibiwi hata kidogo. Kijana aweza kutumia dola 5 au 10 za tiketi asipate kazi yo yote. Mzazi anayempa fedha ya kuanzia apaswa kujua kwamba hiyo ni mbegu ipandwayo katika udongo usiojulikana, naye aiwekee kikomo.

Kisha inakuja safari ya kuitoa fedha sokoni na kuifikisha benki. Katika nchi zenye njia ya kupokea katika benki kwa fedha ya nchi yenyewe, Upwork hutoza chini ya dola 1 kwa kila safari. Lakini njia ya waya, yaani kupeleka dola zenyewe benki kwa benki, hutozwa dola 50. Angalia basi: mwenye dola 60 akichagua waya, kinachoondoka ni 10, na benki zilizo njiani zaweza kukata tena katika hizo hizo. Wengi hupitia Payoneer, kampuni iliyoanza mwaka 2005, ambayo hupokea kutoka masoko haya na kupeleka katika benki za nchi nyingi. Nayo ina ada zake, yafaa kuzisoma kabla. PayPal ni maarufu kuliko zote, lakini si kila nchi ambayo watu wake wameruhusiwa kupokea kwa njia hiyo, na wengi wamelitambua hilo wakati fedha imekwisha kwama. Ndugu zetu wa Kenya wamefunguliwa mlango tangu 2018 wa kuhamisha kutoka PayPal hadi M-Pesa.

Mwishowe ni kubadili dola kuwa shilingi. Kiwango kinachotangazwa katika redio sicho anachopewa mwenye fedha. Benki na kampuni hununua dola kwa bei yao, chini kidogo. Kwa hesabu rahisi: kama redio yasema shilingi 2,500 na benki yatoa 2,450, katika dola 90 umepungukiwa shilingi 4,500. Haionekani popote kama ada, lakini imekwenda.

Kwa sababu hiyo wenye busara hawatoi kidogo kidogo. Huacha ijae sokoni, wakatoa mara moja kwa mwezi. Mzazi akiona mtoto hatoi fedha kila wiki, asidhani ni uchoyo.

JINA LIWE MOJA

Hapa naingia katika kazi yangu mwenyewe, maana majina ndiyo mkate wangu wa kila siku ofisini.

Masoko haya na kampuni za malipo hudai kitambulisho. Jina la akaunti ya soko, jina la kitambulisho na jina la akaunti ya benki hupaswa kuwa moja. Sasa fikirini jinsi tulivyo. Ubatizoni mtoto aitwa Maria Theresia. Shuleni mwalimu akaandika Theresia Maria, pamoja na jina la babu. Katika kitambulisho cha taifa jina la baba limeandikwa kwa herufi r mahali pa l. Benki wakafuata barua ya mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti ameandika kama anavyotamka. Mtoto huyu akifanya kazi ya miezi miwili, siku ya kutoa fedha ataambiwa yeye si yeye. Fedha yake haitapotea, lakini itakaa, naye atakuwa akipanda na kushuka ofisi hadi ofisi.

Basi tengenezeni majina kwanza, kazi baadaye. Tena njia mpya ya kutolea fedha haifunguki siku ile ile inapoandikishwa katika Upwork. Hungoja siku 3 kwa usalama. Nayo yafaa iandikishwe mapema, si siku ambayo mwenye duka amesimama mlangoni. Kuna na fomu ya kodi ya Marekani iitwayo W-8BEN, ambayo asiye Mmarekani huijaza kutangaza kwamba yeye si mlipakodi wa huko. Isiwatishe, ni ya kutangaza tu.

Kwa ajili ya usumbufu huu wako vijana wanaokodi akaunti ya mtu mwingine, na wako wanaozinunua. Jambo hili limekatazwa na masoko yenyewe. Tena fikirini: fedha huingia kwa jina la mwenye akaunti. Siku akitaka kuifunga na kubaki nayo, huyu aliyekesha usiku ataenda kushtaki wapi, na kwa hati gani?

WALE WANAOTAKA UONGEZE

Nina habari nyingine ya kusikitisha. Kijana wa kigango jirani aliona tangazo la kazi ya simu: kutazama picha za hoteli na kuzipa nyota. Akajiunga. Kila siku tarakimu zake zikapanda, elfu thelathini, elfu themanini, mpaka kioo kikasema shilingi 1,200,000. Mara ya kwanza aliweza kutoa elfu kumi kweli, zikaingia katika simu yake, na mama yake akaona. Hiyo elfu kumi ndiyo iliyowafunga macho. Alipotaka kutoa zote akaambiwa alipe kwanza 50,000 za kufungua akaunti. Akalipa. Akaambiwa imebaki kodi, 120,000. Mama akauza mbuzi wawili. Baada ya hapo ile programu haikufunguka tena, na namba waliyokuwa wakiandikiana nayo haikupatikana.

Mama huyu alikuja kuniuliza swali la haki kabisa: “Mwanangu, hata ile kazi ya kweli wasema fedha huonekana na haitoki mpaka baadaye, tena hukatwa. Mimi ningejuaje tofauti?”

Nimelifikiri sana swali lake. Jibu nililompa ni hili: tazama fedha inakwenda upande gani. Soko la kweli hukata katika kile kilichomo. Ukiwa na mia, litachukua kumi na kukupa tisini. Halitakuambia ulete kumi kutoka mfukoni ndipo upate mia yako. Mdanganyifu hawezi kukata katika kilichomo, kwa sababu hamna kitu ndani. Ile milioni ni mchoro tu. Hapana budi aombe kutoka nje, na kila ukitoa ataomba tena. Zile tiketi za Upwork nilizotaja ni gharama ya kuomba kazi, hulipwa kwa soko lenyewe kabla ya kazi, nazo mtu aweza kuamua kutonunua. Si gharama ya kufunguliwa mshahara. Na mwajiri wa kweli hamtozi mfanyakazi cho chote, si kwa mafunzo, si kwa vifaa, si kwa kuandikishwa.

Wako na wengine wajanja zaidi. Humkuta kijana ndani ya soko la kweli, wakamwambia, “Tutoke hapa, tuandikiane kwa simu, nitakulipa moja kwa moja, usikatwe.” Asilimia kumi yavuta kweli, hasa kwa mtu aliyeona mia yake ikipungua. Lakini nje ya soko hakuna amana, hakuna picha za ushahidi, wala wa kumlalamikia. Tena Upwork hukataza mfanyakazi na mwajiri waliokutana kwake kulipana nje katika miaka 2 ya kwanza, isipokuwa kwa kuilipa ada yake. Akikamatwa hufungiwa akaunti. Wengine hutuma hundi yenye kiasi kikubwa kuliko mapatano, wakaomba kilichozidi kirudishwe upesi. Kinarudishwa, na baada ya siku kadhaa benki yasema hundi ilikuwa ya uongo.

MZEE NA MABATI YAKE

Jumamosi ile ile nilimwandikia mzee barua fupi ya kumpelekea mwenye duka, si ya kumdhamini, ila ya kumweleza siku. Mwenye duka alinung’unika, akakubali wiki moja zaidi, kwa sharti mabati manne yarudi dukani yakiwa hayajatobolewa misumari.

Jumatano fedha ilifunguliwa kama binti alivyosema, dola 90. Akaitoa siku hiyo hiyo. Ikafika benki Ijumaa, na baada ya ada na kubadilishwa ilikuwa shilingi laki mbili na elfu kumi na kidogo. Mabati sita yakalipwa, kikabaki cha misumari na nauli ya binti kurudi kwa shangazi yake.

Kabla hajaondoka alimwachia baba yake daftari la kurasa hamsini, limepigwa mistari mitatu ya kwenda chini: kazi iliyofanywa, fedha iliyo sokoni, fedha iliyofika. Kila Jumapili humpigia simu akamsomea, mzee akaandika kwa kalamu ya risasi. Wiki iliyopita alinionyesha. Safu ya katikati ina dola 75. Ya tatu bado ni tupu, na pembeni yake mzee ameandika “Jumatano”. Mabati manne bado yako dukani.